Mlinzi Ndani ya Damu



Sisi watu wa ziwani twajua kwamba mashua haiaminiwi kwa rangi yake tu. Mlinzi wa ufuoni huangalia namba iliyoandikwa ubavuni. Yenye namba hupita. Isiyo nayo husimamishwa. Mungu ameweka mlinzi wa namna hiyo ndani ya damu yetu.

Mwaka 1975 wataalamu wa Stockholm, Uswidi, wakiwamo Rolf Kiessling na Eva Klein, walieleza habari za chembe za damu ziitwazo wauaji wa asili. Mwaka 1986 Klas Kärre na wenzake walionyesha, kwa kuwachunguza panya, jinsi zinavyomtambua adui. Karibu kila chembe ya mwili hubeba alama ya nyumbani. Mlinzi akiiona, hujizuia. Lakini chembe iliyoingiliwa na virusi, au iliyogeuka kansa, mara nyingi huificha alama hiyo, tena huonyesha dalili za taabu. Hapo mlinzi huigandama, huitoboa, na kuingiza sumu inayoifanya ife kwa utaratibu, bila kuwadhuru majirani.

Hata hivyo mlinzi huyu aweza kulemewa. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa nchi zetu. Leo twajua kwamba virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara huitengenezea njia kansa hiyo. Hukua upesi mno, lakini watoto wengi hupona wakitibiwa mapema.

Basi, ndugu wazazi, taya la mtoto likivimba au meno yakilegea, tusiseme ni jino tu, wala tusimweke nyumbani kwa maombi peke yake. Tumwombee tukiwa ndani ya mashua, tunavuka kwenda hospitali. Na kila usiku tumlaze ndani ya chandarua. Yeye aliyempa mtoto walinzi ndani ya damu ametuweka sisi tuwe walinzi wa nje.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa ulinzi tusiouona. Utupe macho ya kuona mapema, na miguu ya kwenda upesi. Amina.