Mkono wa Askari na Haki ya Rufani

Mazungumzo kwa wananchi wenye ndugu waliotumikia jeshi la Marekani



Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani wamo waliojiunga na jeshi la nchi ile, wakatumikia, kisha wakatoka na maumivu ambayo hawakuingia nayo. Wengine wamebaki huko, wengine wamerejea nyumbani. Fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi haikomi kwa sababu mhusika ameondoka Marekani. Hulipwa popote anapoishi. Kwa hiyo barua ya Wizara ya Maveterani ikileta habari kwamba dai limekataliwa, au kwamba asilimia iliyotolewa ni ndogo, jambo hilo ni la kaya nzima, na kaya ina sehemu yake katika kulirekebisha.

Mazungumzo haya yanahusu mkono: kifundo, kiganja na vidole. Mkono ulioumia waweza kuonekana mzima kabisa. Hauna kovu, haujakatika, na mwenyewe hupeana salamu bila kukunja uso. Lakini usiku huamshwa na ganzi, na asubuhi kikombe humponyoka. Madai mengi ya mkono hukwama hapo, kati ya kinachoonekana na kinachoishiwa.

Dai lolote la namna hii husimama juu ya mafiga matatu: maradhi yaliyopo sasa, tukio au jeraha la wakati wa utumishi, na maelezo ya tabibu yanayounganisha hayo mawili. Figa moja likikosekana, dai huanguka. Barua ya uamuzi hueleza ni lipi lililokosekana, na ndiyo maana haifai kutupwa kwa hasira. Isomwe mara mbili, na bahasha yake ihifadhiwe pamoja nayo.

Dai likikubaliwa, hufuata asilimia, na hapa sheria ya Marekani huuliza kwanza ni mkono upi. Mkono mkuu, yaani ule ambao mtu huutegemea kwa kazi, mara nyingi hupewa kiwango kikubwa kuliko mwenzake. Mwenye kutumia shoto asiposema, anaweza kuhesabiwa kuwa ameumia mkono mdogo. Mikono yote miwili ikiwa na ulemavu unaolipwa, sheria huongeza kidogo juu ya jumla yake.

Swali la pili ni jina la maradhi. Kifundo cha kawaida hukunjika nyuzi 70 kuelekea nyuma na nyuzi 80 kuelekea kiganjani. Kikishindwa kufika nyuzi 15 kuelekea nyuma, malipo ni asilimia 10, uwe mkono mkuu au la. Kwa kipimo cha kujongea, hapo ndipo mwisho. Ili kupanda zaidi kwa njia ya kiungo, sharti kifundo kiwe kimeganda kabisa: hapo huanzia asilimia 30 kwa mkono mkuu na 20 kwa mwingine. Lakini tatizo likiwa ni kubanwa kwa mshipa wa fahamu wa kati, ule unaopita kifundoni kuelekea kidole gumba na vidole vya jirani, jedwali hubadilika. Hali nyepesi hupewa asilimia 10, ya wastani 30 kwa mkono mkuu na 20 kwa mwingine, kali 50 au 40, na mshipa ukipooza kabisa 70 au 60.

Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua jambo hilo. Fundi wa magari wa jeshini, mwenye kutumia mkono wa kulia, hupewa asilimia 10 kwa sababu aliyempima aliandika tu kwamba kifundo kinauma. Ganzi ya vidole na udhaifu wa kushika havikuandikwa. Rufani yake haitasaidiwa na kurudia kwamba kifundo kinauma, maana hilo limekwisha kulipwa. Itasaidiwa na kipimo cha mishipa ya fahamu na maelezo ya daktari kwamba hali ni ya wastani au kali. Hata hivyo dalili moja hailipwi mara mbili kwa majina mawili.

Vidole navyo vina hesabu yake. Kidole gumba kikishindwa kugusa vidole vingine, pengo lililobaki hupimwa kwa sentimita, likizidi 5.1, malipo ni asilimia 20. Kidole cha shahada au cha kati kilichopungua kujongea chaweza kufika 10. Kidole cha pete na cha mwisho, kwa kupungua kujongea tu, hupewa sifuri.

Jambo la tatu ni siku ya kupimwa. Mtu hupimwa mara moja, pengine asubuhi ambayo mkono umetulia. Mahakama ya rufani za maveterani iliamua mwaka 1995, katika shauri la DeLuca, kwamba nyuzi peke yake hazitoshi. Mpimaji azingatie pia maumivu, uchovu wa kiungo na nyakati ambazo hali huzidi. Lakini mpimaji haoni yasiyosemwa. Askari aliyezoea kuvumilia hujibu kwamba yu salama, na jibu hilo huandikwa. Uvumilivu uliomfaa kambini humnyima haki mbele ya daktari. Aseme mkono huzidi kuuma mara ngapi, kwa muda gani, na wakati huo hawezi kufanya nini: kufunga vifungo, kukamua nguo, kushika kalamu.

Asiyeridhika na uamuzi ana njia tatu, kwa utaratibu ulioanza Februari 2019. Mwenye ushahidi mpya unaohusika huwasilisha dai la nyongeza kwa fomu 20-0995. Anayeamini kwamba ushahidi uliokuwapo ulisomwa vibaya huomba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Huko ushahidi mpya haupokelewi. Njia ya tatu ni Baraza la Rufani za Maveterani, kwa fomu 10182, ambako anaweza kuomba kusikilizwa na jaji. Njia mbili za mwisho zina ukomo wa mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Dai la nyongeza laweza kupelekwa hata baadaye, lakini aliyepitisha mwaka kwa kawaida hupoteza tarehe yake ya awali, na pamoja nayo malimbikizo ambayo yangelipwa tangu dai la kwanza.

Hapa ndipo ndugu wanapohitajika. Sheria hupokea ushahidi wa mtu asiye tabibu juu ya yale aliyoyaona kwa macho yake. Mke aliyeona mumewe akiamka usiku kukung'uta mkono, au kaka anayemfungulia chupa ya maji, anaweza kuandika hayo kwa fomu 21-10210. Aandike alichokiona na tangu lini. Asitaje jina la ugonjwa wala asiongeze chumvi. Kumbukumbu za hospitali ya nyumbani nazo ni ushahidi, na zikiwa za Kiswahili ziambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria huelekeza kwamba shaka imwendee askari.

Tahadhari mbili za mwisho. Vyama vya maveterani vinavyotambuliwa na Wizara huwakilisha bila malipo, na wakili haruhusiwi kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Anayedai fedha kabla ya dai kufunguliwa aepukwe. Pia mwito wa kupimwa usipuuzwe. Asiyeweza kufika atoe taarifa mapema na kueleza sababu, kwa kuwa kutofika bila sababu kwaweza kulizamisha dai.

Ndugu wananchi, wenye barua ya namna hii nyumbani waitafute leo, wasome tarehe iliyo juu yake, na wahesabu miezi iliyobaki. Kisha wakae na mwenye mkono huo, wamwulize kwa upole ni kazi gani ameacha kuifanya, na majibu yake yaandikwe.