Ofisa Ustawi wa Jamii Afundishwe Kuuliza

Ndugu Walimu na Ndugu Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii,

Katika mafunzo yenu liko somo ambalo haifai kulihesabu kuwa la ziada, nalo ni kufanya kazi kwa ushahidi. Mwalimu wa somo hilo hana haja ya kutafuta mifano Ulaya. Matombo, katika Milima ya Uluguru, inatosha.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lakini penye udongo haba, matuta yalifukia rutuba na kuleta juu udongo usiofaa. Wakulima walilalamika, wasisikilizwe. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika.

Miaka 40 hivi baadaye, mradi wa afya ulioitwa TEHIP ulifanya kazi katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, pamoja na Rufiji. Huu ulianza kwa kuuliza. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kutaka kujua nani amefariki, na kwa dalili zipi, maana wengi walifia nyumbani. Ikadhihirika kwamba malaria ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, ilhali mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Mipango ikarekebishwa. Katika miaka mitano iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Ndugu zangu, waliolazimisha matuta hawakukosa elimu. Walikosa kuipima elimu yao mahali pale, mbele ya watu wale.

Kwa hiyo mwanafunzi anapokabidhiwa shauri la mtoto aliyetelekezwa, hana budi kujibu maswali matatu. Njia unayoipendekeza imewahi kumsaidia nani, na wapi? Mtoto na jamaa zake wanasemaje? Utatambuaje, baada ya miezi sita, kwamba umesaidia au umedhuru? Asiyeweza kuyajibu asipewe cheti.

Tuta lililokosewa laweza kusawazishwa. Mtoto aliyepelekwa kusikomfaa harudishiwi utoto wake.