Jina la Mfungwa



Itetemia yetu iko katika njia ya kale ya misafara. Mpagazi aliubeba mzigo uliofungwa na mwingine. Nasi hubeba habari vivyo hivyo, bila kuzifungua.

Mzee Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952. Mwaka 1953, huko Kapenguria, alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa shtaka la kuiongoza Mau Mau. Magazeti ya walowezi yakamwita mmwaga damu. Naye, akiwa gerezani Lokitaung, hakuwa na nafasi ya kuyajibu. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikula kiapo kwamba alikuwa amehongwa. Akafungwa kwa kiapo hicho. Ndipo Aprili 1961, huko Maralal, Mzee akiwa bado kizuizini, aliruhusiwa kuwakabili waandishi wa habari, akakanusha kwamba yeye ni mtu wa ukatili. Miaka minane ya kulaumiwa, siku moja ya kujieleza!

Amri ya nane haimhusu mwandishi peke yake. Yatuhusu sisi tunaosoma na kurudia. Mfungwa amekwisha kunyang'anywa uhuru. Tusimnyang'anye na jina. Kabla hujajitwika habari zake, uliza: je, mwenyewe amesikilizwa?