Yufi ya Ibn Battuta: Jina Moja, Mahali Pawili



Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa. Katika Rihla, aliyomsimulia Ibn Juzayy ikakamilika mwaka 1355, anaeleza kuwa mfanyabiashara mmoja alimwambia kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba kutoka Sofala hadi Yufi, katika nchi ya Walimi, ni mwendo wa mwezi mzima. Huko Yufi ndiko ulikotoka unga wa dhahabu uliopelekwa Sofala. (Walimi hawa si wakulima, mfanano na kitenzi chetu ni wa bahati tu.)

Yufi ni wapi? Zamani swali hili liliweza kuachwa katika tanbihi. Siku hizi kuna kanzidata za maarifa, kama Wikidata iliyoanzishwa mwaka 2012, ambazo hukipa kila kitu namba yake, na kila mahali latitudo na longitudo yake ikiwa zinajulikana. Anayejaza ingizo hulazimika kuamua, na uamuzi wake hunakiliwa na mashine nyingine bila kuulizwa.

Tatizo ni kwamba Yufi inatokea tena katika kitabu hicho hicho. Akisimulia safari yake ya Mali ya mwaka 1352 hadi 1353, Ibn Battuta anaufuata mto aliouita Nili, nasi tunaujua kuwa ni Niger, kupitia Timbuktu na Gao hadi Muli katika nchi ya Walimi, kisha Yufi, ambayo sultani wake anamsifu kuwa miongoni mwa wakubwa. Wataalamu wengi huitambua Yufi hii kuwa Nupe, katika Nigeria ya leo. Hoja yao ya kimaandishi ni nzuri. Katika hati ya Kiarabu, nuni na ye mwanzoni mwa neno zina umbo moja. Tofauti ni nukta moja juu au nukta mbili chini. Aidha, Kiarabu hakina sauti /p/, hivyo Nupe kuwa Nufi, kisha Yufi kwa mkono wa mnakili, si jambo la ajabu. Ama Walimi, jina lao linafanana mno na Lamlam, ambalo al-Idrisi aliwapa watu wa kusini zaidi. Kwa maoni yangu hilo halikuwa jina la kabila bali kifuniko cha kutojua.

Je, tuiandike Yufi ya Sofala kuwa Nupe? Tupime. Kutoka Sofala hadi Nupe ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka. Hakuna mpagazi awezaye kuzimaliza kwa mwezi. Kutoka Sofala hadi Zimbabwe Kuu ni karibu kilomita 400, na mwendo wa mwezi unatosha. Tena katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa.

Najua kwamba hapa Nyanda za Juu Kusini kuna kishawishi cha tatu: dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliyovuta wachimbaji wengi katika miaka ya 1920 na 1930. Mwanafunzi wa Mbeya angefurahi kuiweka Yufi kwao. Lakini Chunya iko karibu kilomita 1,300 kutoka Sofala, na takriban nusu ya umbali huo kutoka Kilwa. Dhahabu yake ingepelekwaje Sofala kwanza?

Rai yangu ni hii: jina ni la magharibi, habari ni ya kusini. Ibn Battuta hakufika Sofala wala Yufi, na alisimulia safari zote mbili baada ya kurudi kutoka Mali. Yaelekea jina alilolisikia huko lilijaza pengo katika kumbukumbu ya Kilwa ya zaidi ya miaka 20 nyuma. Mfanyabiashara alisema kweli kuhusu dhahabu. Jina ndilo lililohama.

Na majina huhama. Watu wa Iringa hawahitaji kuambiwa. Lilinga kwa Kihehe ni ngome. Wajerumani walipoiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, hiyo ndiyo iliyokuwa Iringa. Mwaka 1896 walijenga kituo kipya hapa tulipo, na jina likapanda mlima pamoja nao. Ndipo ramani zao zikawa na Iringa ya Kale na Iringa Mpya. Vivyo hivyo, Langenburg ilianzia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ikaja kuwa Langenburg Mpya pale Tukuyu. Anayeunganisha kila "Iringa" ya kabla ya 1896 na mji huu ameihamisha vita ya Kalenga kwa kilomita 15 hivi. Anayeunganisha Yufi mbili amewanyang'anya mababu wa Washona dhahabu yao na kuipeleka kwenye bonde la Niger.

Kwa hiyo napendekeza maingizo mawili. La kwanza ni Yufi ya masimulizi ya Mali, iliyounganishwa na Nupe. La pili ni Yufi ya masimulizi ya Kilwa, likitaja chanzo na mwaka, likielekeza kwenye uwanda wa juu wa Zimbabwe kama rai, na sehemu ya latitudo na longitudo ikiachwa tupu. Kati ya hayo mawili kuwe na kiungo kinachosema kwamba yamewahi kudaiwa kuwa kitu kimoja, na nani aliyedai.