Kinyago Kidogo, Maelezo ya Kweli

Mazungumzo kwa mafundi na wauzaji wa vinyago wa Kibera na Kawangware



Mitaa hii miwili ina msitu na ndege katika majina yake. Kibera limetokana na neno la Wanubi, kibra, yaani msitu. Kawangware lina ngware ndani yake, neno la Kikuyu la kwale. Msitu umekwisha, lakini wanyama wangali wanatoka mikononi mwa mafundi. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchemshwa ili mafuta yatoke, hukatwa, hupigwa msasa na kung'arishwa, ikawa tembo au kobe wa kutosha kiganjani.

Siku hizi kobe huyo anaweza kuuzwa kwa simu bila kupitia mkono wa dalali. Mnunuzi wake mara nyingi ni mkusanyaji: ana kifaru, ana simba, anamtafuta mnyama ambaye hana. Hawezi kumshika wala kumgeuza, hivyo anategemea maneno ya muuzaji.

Neno la kwanza ni mali ghafi. Mfupa wa ng'ombe uitwe mfupa wa ng'ombe. Wapo wanaojaribiwa kuandika "pembe" ili bei ipande. Hilo ni hatari kubwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuuza nyara bila kibali, na adhabu yake ni nzito. Tarehe 30 Aprili 2016, katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, si mbali na Kibera, Kenya iliteketeza takriban tani 105 za pembe za ndovu. Muuzaji anayemsingizia ng'ombe wake kuwa ndovu anajiitia maafisa mwenyewe, na mzigo wake unaweza kuzuiliwa forodhani.

Takataka iliyotajwa kwa jina lake pia huuzika. Kampuni ya Ocean Sole ya hapa Nairobi hutengeneza wanyama kwa slipa kuukuu za mpira zilizookotwa ufuoni, na haifichi asili yao. Asili hiyo ndiyo sifa yao.

Neno la pili ni kipimo. Picha ipigwe mchana, karibu na mlango, rula ikiwa kando. Kimo kiandikwe kwa sentimita, uzito kwa gramu. Ufa mdogo uonyeshwe. Kama vinyago vya aina moja ni 20 tu, kila kimoja kipewe nambari na alama ya fundi, na cha 21 kisitengenezwe kamwe.

Neno la tatu ni bei. Tuchukue mfano: mfupa na msasa shilingi 150, kazi ya fundi 500, boksi na karatasi 80, bodaboda hadi posta 100. Jumla ni 830. Anayeuza kwa 800 amemlipa mteja amchukue twiga wake. Nauli ya posta ihesabiwe kando, baada ya kupima mzigo uliokwisha kufungwa.

Malipo nayo yana mtego. Picha ya ujumbe wa M-Pesa iliyotumwa na mnunuzi si pesa. Muuzaji aangalie salio katika simu yake kabla ya mzigo kutoka. Naye ampigie picha mnyama kabla ya kufunga boksi. Akifika amevunjika sikio, ushahidi upo.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na kibali cha biashara hutolewa na kaunti. Fundi naye avae barakoa anapopiga msasa, na afanyie kazi penye hewa, maana vumbi la mfupa huumiza mapafu.

Mkusanyaji aliyepata alichoahidiwa hurudi kutafuta mnyama wa pili, kisha wa tatu. Aliyedanganywa hanunui tena, na huwaonya wenzake. Kobe mmoja aliyeelezwa kwa ukweli anaweza kulisha nyumba kwa muda mrefu.