Siri Iliyofumbuliwa kwa Hesabu

Huko Kettering, Uingereza, mwalimu Geoffrey Perry na wanafunzi wake walisikiliza kwa redio setilaiti za Urusi ya Kisovyeti, wakiandika saa ya kila sauti. Hewa haba iliyoko juu huivuta setilaiti ikashuka. Na, ajabu, kadiri ishukavyo ndivyo izungukavyo upesi. Kwa hiyo hesabu haikwisha.

Machi 1966 ikarushwa Kosmos 112. Njia yake ilikata ikweta kwa pembe ya nyuzi 72, wala haikuweza kutoka katika kituo kilichojulikana. Oktoba ikafuata Kosmos 129. Wakachora njia zote mbili katika ramani, zikapishana karibu na Plesetsk, kaskazini ya Urusi. Serikali yenyewe haikukitaja kituo hicho hadi mwaka 1983.