Mteuzi wa Tumbaku Mbele ya Biri

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Izia, Sumbawanga)



Kamati ilinitaka niseme juu ya maisha baada ya shule. Pamoja na barua yao waliniletea maswali kutoka kwa wanafunzi, na karibu yote yalikuwa yale ya kawaida: ulisoma nini, ulipataje kazi, unatushauri nini. Swali moja tu lilinifanya nivue miwani. Liliuliza hivi: "Tumesikia mzee unavuta biri, yale masigara makubwa. Je, mtu hujifunzaje kupenda kitu kama kile, na kina utamu gani?" Nimeomba ruhusa ya Mkuu wa Shule kulijibu, naye amekubali kwa sharti kwamba nilijibu lote, si nusu.

Kwanza mjue kazi niliyofanya. Kuanzia mwaka 1978 hadi 2005 nilikuwa mteuzi wa tumbaku. Nilianzia Mpanda, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa kabla mkoa wa Katavi haujazaliwa mwaka 2012. Baadaye nikahamia Urambo. Urambo, kwa ninyi msomao historia, ni moja ya sehemu tatu ambako Waingereza walijaribu mradi wao mkubwa wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga zilishindwa, fedha nyingi zikapotea, na tumbaku ikashika nafasi yake.

Mteuzi hufanya nini? Siku ya soko mitumba hupangwa mistari sakafuni, na kila mtumba una mwenyewe amesimama nyuma yake. Unafika, unaingiza mkono katikati ya majani, unavuta moja, unalinyosha kwenye mwanga, unalikunja, unalinusa. Unatazama kama ni jani la chini ya mche, la katikati au la juu; kama rangi yake ni ya limau, ya chungwa au ya kahawia; kama lina mafuta au ni kavu kama karatasi. Halafu unataja daraja, karani anaandika, unasogea. Mambo hayo yote huchukua muda wa kupiga chafya mbili. Lakini kwa yule aliyesimama nyuma ya mtumba, neno lako ndilo mwaka mzima: kitalu, kuhamisha miche, palizi, kuvunja vikonyo, kuni, na usiku wa kulala bila usingizi kando ya bani akilinda joto lisipande upesi. Nimeona wanaume wenye nguvu wakifumba macho nilipofungua kinywa.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Kwa miaka kumi nilitaja madaraja ya mitumba isiyohesabika, na sikujua jani lile lina ladha gani. Sigara sikuvuta. Nyumbani, babu yangu alikuwa na kiko cha maji, kile cha zamani chenye bori juu, digali katikati, na kibuyu chini. Jioni za mwezi wa Juni na Julai, na ninyi mnajua baridi ya Ufipa ilivyo miezi hiyo, tulilala tukisikia malio ya kiko chake upande wa pili wa ukuta. Tumbaku yake aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kwangu mimi tumbaku ilikuwa sauti ile ya maji, na baadaye ikawa mshahara.

Mwaka 1988 nilifahamiana na daktari mmoja Mkuba aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya serikali. Aliposikia kazi yangu aliniomba nimletee majani machache ya daraja la kwanza. Nikampelekea, nikijivuna. Akalinusa moja muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba ni jani zuri sana, lakini ni jani la karatasi, si jani la kuviringisha. Nilichukia kidogo. Akacheka, akaenda ndani, akatoka na biri moja.

Tofauti aliyonieleza jioni ile sikuwa nimeisikia kwa mtu ye yote kazini. Tumbaku yetu ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya bani kwa muda wa wiki moja hivi, na moto ule huzuia sukari isiishe ndani ya jani. Moshi wake basi una ukali wa asidi, na nikotini yake haipiti vizuri kinywani. Ndiyo maana mvuta sigara hana budi kuumeza hadi mapafuni. Jani la biri hutundikwa kwenye banda na kukaushwa na hewa peke yake kwa wiki nyingi, sukari ikaisha. Kisha hurundikwa malundo makubwa yenye unyevu, yakachachuka na kupata joto yenyewe kama lundo la mbolea. Joto likizidi, lundo hupanguliwa na kupangwa upya, la ndani likawa la nje. Huko amonia hutoka na ukali hupungua. Moshi wa jani kama hilo si wa asidi, na nikotini yake hupita kwenye ngozi ya kinywa bila kumezwa. Kwa hiyo biri haimezwi. Huvutwa kinywani, ikakaa, ikatolewa.

Biri yenyewe ni majani ya aina tatu. Ndani kuna majani ya kujazia, marefu, yaliyokunjwa kama feni ili hewa ipite. Juu yake kuna jani la kufungia. Na nje kabisa kuna jani moja laini lisilo na tundu wala mshipa mnene, na hilo ndilo la bei kubwa kuliko yote. Kuba hutegemea hasa mashamba ya Vuelta Abajo katika jimbo la Pinar del Río. Lakini vijana msidhani Afrika haimo: jani la nje litokalo Kameruni linajulikana na watengenezaji wa biri duniani, nao hulitafuta. Mimi mwenyewe nililishika mara moja tu. Lilikuwa na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyehisi baridi.

Masharti ya daktari yalikuwa haya. Ule kwanza. Ukae chini, usitembee. Ukate kichwa kidogo tu. Uwashe polepole kwa kiberiti cha njiti, moto usiliguse jani bali ulikaribie, huku ukizungusha. Halafu uvute mara moja, uweke mkono pajani, uongee. Dakika ipite kabla ya kuvuta tena. Biri ikikuchoma ulimi, wewe ndiye una haraka. Majivu uyaache yakae. Na ikifika theluthi ya mwisho ikawa chungu, usiizime kwa kuiponda kama mdudu, uiweke kando ife yenyewe.

Ya kwanza sikuipata ladha. Nilipata moto na majivu tu, nikamwambia hivyo, naye hakushangaa. Ya pili ilikuwa baada ya miezi miwili, hali ile ile. Ya tatu ilikuwa jioni ya mvua, na kati ya kuvuta na kuongea nikashtuka: nilisikia harufu ya udongo mkavu unaponyeshewa, kisha kahawa, kisha mbao mpya za fundi seremala. Nilinyamaza. Daktari akaniuliza nimeona nini, nikamwambia mbao. Akapiga goti lake kwa furaha kama mwalimu wa hesabu aliyepata mtoto mmoja wa kuelewa.

Lakini niwaambie kweli, kilichonivuta zaidi ya moshi ni hadithi zake. Shangazi yake alikuwa mviringishaji katika kiwanda cha Havana. Tangu mwaka 1865 katika viwanda vile pamekuwa na msomaji: mtu aliyekaa juu ya jukwaa akiwasomea wafanyakazi kwa sauti huku mikono yao inafanya kazi. Magazeti asubuhi, riwaya mchana. Zamani wafanyakazi wenyewe walichanga kutoka mishahara yao kumlipa. Wengine hawakujua kusoma hata herufi moja, lakini walibishana juu ya wahusika wa riwaya kama tunavyobishana juu ya mpira. Aina ya biri iitwayo Montecristo, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilipata jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas, na kuna nyingine iitwayo Romeo y Julieta. Waalimu wa fasihi, naona mnatabasamu. Nilipohamia Urambo nilijaribu jambo hilo ghalani wakati wa kuchambua majani: nilimtafuta kijana wa kidato cha nne awasomee akina mama gazeti. Lilidumu msimu mmoja. Akina mama walipendelea kuimba, na waliimba vizuri kuliko gazeti.

Hata hivyo jambo moja lilibaki. Baada ya biri ile ya tatu nilianza kuwaeleza wakulima kwa nini nimetaja daraja nililotaja. Nililifungua jani mbele ya mwenyewe, nikamwonyesha mahali bani lilipopata joto mapema mno, nikamnusisha. Foleni ilikwenda polepole na karani alinung'unika. Lakini mkulima akiisha kunusa kosa la bani lake hanuni tena, anauliza swali.

Sasa nusu ya pili, ile aliyoitaka Mkuu wa Shule.

Baadhi yenu wa rika langu mnamkumbuka aliyekaa dawati moja nami, mlinda mlango wetu, yule aliyeweza kuiga sauti ya kila mwalimu. Jina silitaji kwa heshima ya watoto wake. Alianza sigara kidato cha pili, nyuma ya bweni, na hakuacha. Mwaka 2003 nilikwenda kumwona hospitali Dar es Salaam. Saratani ilikuwa kooni, na sauti yote ile ilikuwa imekwisha. Alikuwa na daftari la shule na kalamu. Nilikaa nisijue la kusema, maana mkate wangu wote ulikuwa umetoka katika jani lile. Akaandika, akanigeuzia daftari: "Mwaka huu jani likoje?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwamba mvua zilichelewa, jani la chini likawa jepesi, lakini la juu lilikomaa vizuri na lilikuwa na mafuta. Nilieleza karibu saa nzima, naye akitikisa kichwa kama karani anayeandika. Alifariki baada ya wiki tatu.

Basi nisikilizeni. Mtu akiwaambia kwamba biri haina madhara kwa sababu haimezwi, hajui asemalo. Kinywa, koo na umio hupata saratani kwa moshi huo huo, na biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na ilitungwa mwaka ule ule niliomzika rafiki yangu. Fidel Castro, ambaye kila picha yake ya zamani ina biri, aliacha mwaka 1985. Daktari wangu alinieleza habari hiyo huku ameishika yake mkononi, tukacheka wote wawili. Leo nisingecheka.

Wala si mvutaji peke yake. Mtoto anayevuna majani yenye umande hupata kichefuchefu na kizunguzungu, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Kila bani hula kuni, na misitu ya miombo niliyoikuta Mpanda mwaka 1978 sikuiacha vile. Upande mwingine, katika ukumbi huu wamo watu, nami nawajua kwa sura, waliolipiwa ada kwa tumbaku ya Katumba, ya Mishamo na ya Urambo, na mabati ya nyumba yangu ni ya tumbaku. Sina mizani ya kupimia vitu hivi viwili. Nimeitafuta tangu mwaka 2003.

Mnaniuliza kama bado navuta. Ndiyo, mara mbili kwa mwaka, peke yangu, nje, baada ya kula. Sitawadanganya kwamba haina utamu, kwa sababu siku mtakayogundua kwamba nimewadanganya juu ya utamu hamtaniamini juu ya koo la rafiki yangu. Lakini yule aliyeuliza swali aliuliza jinsi mtu anavyojifunza, na hilo laweza kujaribiwa bila moshi. Pua na ulimi niliofundishwa na daktari yule ndio ninaotumia sasa katika ufugaji wangu wa nyuki.

Kwa hiyo nimemwomba mwalimu wa kilimo chumba kimoja kesho saa tatu asubuhi. Nimebeba chupa nne za asali kutoka Mpanda na Inyonga, za misimu tofauti na maua tofauti, bila maandishi. Wanafunzi watakaotaka kujaribu kuzipanga madaraja waje wakiwa wamekunywa chai, na kila mmoja aje na kijiko chake.